Toa hewa, weka vyeti: Mfuko wa pampu si friji!

Leo sizungumzii mapenzi wala nani kaachana na nani, hayo yana kurasa zake humu humu ndani na wenyewe mnazijua. Leo tunaingia jikoni, halafu tunatoka jikoni na furushi mgongoni. Twende taratibu, utanielewa tu.

Kama umekatiza Kariakoo siku za karibuni, hasa ule Mtaa wa Kongo, huenda umekutana na vijana wenye kidude cheupe mkononi, kinaenea kwenye kiganja kama mashine ya kunyolea ndevu. Pembeni wana mifuko ya plastiki mizito yenye zipu na kitobo cha duara. Kijana anachukua tango, analitia mfukoni, anabana zipu, anakandamiza kidude kwenye kile kitobo, anabonyeza. Vruuuu! Mfuko unanywea na kulishika tango kama tisheti iliyolowa mvua. Watu midomo wazi.

Halafu linafuata tangazo: “Dada’angu, hii ndo friji ya mfukoni! Haili umeme, haijui mgao! Samaki wiki nzima, nyama mwezi!” Akina mama wanafungua pochi.

Tangu hapo nimeulizwa swali lile lile na watu kama watano, wengine kwa ujumbe wa simu, wengine uso kwa uso ndani ya daladala: hivi kile kidude ni kweli au changa la macho? Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja, niwajibu wote hapa. Jibu la haraka ni hili: kidude ni cha kweli, ila lile tangazo linaweza kukupeleka hospitali. Na kazi yake nzuri kuliko zote, yule kijana wa Mtaa wa Kongo hata haitaji.

KINAFANYAJE KAZI?

Watu wanadhani mfuko unajibana wenyewe. Wapi! Kinachobana ni hewa ya nje. Hewa hii tunayoivuta ina uzito, na huku pwani, usawa wa bahari, inasukuma kila kitu kwa nguvu ya karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Hatuisikii kwa sababu ndani ya miili yetu nako kuna msukumo ule ule. Kidude kikinyonya hewa ya ndani ya mfuko, ile ya nje inakosa mpinzani, inaukandamiza mfuko mpaka unagusana na kilichomo. Ndiyo maana hata sweta la mtoto likiwekwa humo linakuwa bapa kama chapati.

Kidude chenyewe ni kama pampu ya baiskeli iliyogeuzwa: badala ya kujaza, inanyonya. Zipo za kusukuma kwa mkono na zipo za kuchaji kama simu. Mifuko yake nayo si plastiki ya kawaida. Iliyo mizuri ina tabaka mbili, nje nailoni inayozuia hewa kupenya, ndani plastiki laini. Upande mmoja utaona vimistari au vidoti vilivyotuna. Usidhani ni urembo, hizo ni njia za hewa kutokea. Bila hizo plastiki ingegandana juu kabla hewa ya chini haijatoka. Ule mfuko wa rambo wa zamani hata uunyonye vipi, hewa itarudi tu.

Faida ya kutoa hewa ni kupunguza oksijeni. Ukungu wa kwenye chakula unaihitaji. Fukusi wa kwenye mchele anaihitaji. Mafuta yaliyomo kwenye karanga na dagaa yanachacha kwa kukutana nayo. Ukiipunguza, umewapunguzia wote hao kasi. Narudia, umewapunguzia. Pampu ya mkononi haimalizi hewa yote hata uinunue kwa bei gani.

FRIJI YA MFUKONI? THUBUTU!

Hapa sikiliza kwa makini, na kama kuna mdogo wako anayekupikia, msomee. Si vijidudu vyote vinavyohitaji hewa. Vipo vinavyostawi pale pale hewa inapokosekana. Mbaya wao ni kile kinacholeta ugonjwa wa botulizimu. Kinaishi kwenye udongo na kwenye matope ya chini ya maji, kwa hiyo kukikuta kwenye samaki au kwenye mboga iliyotoka shambani si ajabu. Penye hewa kinajikunyata ndani ya ganda lake, hakina neno. Kipe chakula chenye unyevu kisicho na uchachu, kipe joto, kisha kifungie mahali pasipo na hewa. Kinaamka na kutengeneza sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana duniani.

Sasa fikiria samaki mbichi, ndani ya mfuko wa pampu, juu ya kabati, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Hapo umekitandikia kitanda na kukiwekea chandarua.

Usidhani natisha watu. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha kisa cha hapo jirani Kenya. Familia moja ilikula kumbikumbi, hawa hawa tunaowaokota chini ya taa mvua zikianza. Wale kumbikumbi walikuwa wamesafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Watu wakaugua na wengine wakafariki. Haukuwa mkono wa mtu, ilikuwa botulizimu. Na hawakutumia pampu wale, ni mfuko tu uliofungwa na joto la safari.

Dalili zake ni hizi: kuona kitu kimoja kama viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, kisha mwili kuishiwa nguvu kuanzia juu kushuka chini, mpaka kupumua kunakuwa kazi. Ukiona hivyo ni hospitali mbio. Usipitie kwa mganga, usipoteze muda kunywesha mtu maziwa. Ubaya mwingine ni kwamba chakula chenye sumu hii kinaweza kisinuke wala kisibadilike rangi. Kukichemsha sawasawa kunaharibu sumu, lakini yale maganda ya vijidudu yanavumilia moto wa kawaida wa jikoni. Chakula kikipoa na kurudishwa mfukoni, mchezo unaanza upya. Kwa hiyo chakula ukikitilia shaka, usikionje. Kitupe.

Kutokana na hayo, shika kanuni hii: chochote kilichokuwa cha friji kabla ya mfuko, kinabaki cha friji baada ya mfuko. Samaki, nyama, maziwa, wali uliobaki, maharage yaliyopikwa, vyote. Friji liwe chini ya digrii 5, friza digrii 18 chini ya sifuri. Humo ndani ya friza mfuko una kazi nzuri sana, unamzuia samaki asikauke na kuwa kama ubao, maana barafu nayo inaunguza. Ila siku ya kumyeyusha, toboa mfuko kwanza, halafu myeyushie ndani ya friji, si mezani.

Umeme ukikatika je? Friji lisilofunguliwa hushika ubaridi kama saa 4. Friza lililojaa pomoni, mlango ukibaki umefungwa, hufika kama saa 48. Mfuko wa pampu hauongezi hata dakika moja hapo. Na mawili ya kumalizia: vitunguu saumu vibichi na uyoga mbichi usivifungie kwenye mfuko huu ukaviacha nje ya friji, hata kama vinaonekana vikavu. Na mfuko wowote wa chakula ulioubana ukawa bapa, kesho yake ukaukuta umevimba kama puto, humo ndani kuna kitu kinapumua. Pipa la takataka linakusubiri.

KAZI YAKE HALALI

Baada ya kumwaga sumu zote hizo, sasa nikupe asali. Mfuko huu hautunzi kilicholowa, unatunza kilichokauka. Dagaa wakavu wa Kigoma au Mwanza, karanga, mchele, maharage, unga, kahawa, majani ya chai, iliki, pilipili manga, ubuyu. Hapo ndipo hela yako inaporudi. Mtu anayenunua dagaa kwa kilo kadhaa kwa vile ni bei nafuu, kisha anagawa kwenye vipakiti vya mboga ya siku moja moja, hatasikia ile harufu ya dagaa waliochacha mwezi wa pili yake.

Ila kuna ujanja wake, usikurupuke. Dagaa wana vichwa na miiba mikali, watatoboa mfuko na usiku hewa itarudi taratibu bila wewe kujua. Wazungushie karatasi safi kwanza. Unga ukiunyonya hivi hivi unapanda mpaka kwenye kitobo, unaziba valvu na kuingia kwenye pampu. Utie kwanza kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa safi chepesi, ndipo uweke ndani ya mfuko wa pampu. Futa njia ya zipu kwa kitambaa kikavu, maana chembe moja tu ya unga inatosha kuvujisha. Ukishabana, andika tarehe, uache ulale. Asubuhi mfuko ukiwa umelegea, tafuta tundu au badilisha mfuko.

Na utajuaje kama nafaka yako imekauka? Kuing’ata na jino ni utamaduni, lakini kuna kipimo cha uhakika zaidi na hakina gharama. Chukua chupa kavu, tia nafaka mpaka kama robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chai vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu bado upo, rudisha juani. Chumvi ikianguka yote chini, imekauka vya kutosha.

Kwa nini nasisitiza ukavu hivi? Kwa sababu ya sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 ililipuka Dodoma na Manyara, watu wakaugua ini na wengine wakapoteza maisha. Mfuko wa pampu unaweza kuzuia ukungu usiendelee, lakini sumu iliyokwisha kuingia hauitoi. Wala kupika hakuitoi. Karanga yenye ukungu hata uifungie kwenye kasha la benki ni sumu tu.

Najua kuna msomaji wangu wa Urambo au Kibaigwa anacheka: “Huyu wa mjini anafungia vikombe viwili vya mchele, mimi nina magunia kumi.” Usicheke bwana, na wewe una lako. Profesa Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Cameroon. Matokeo yake ni mifuko ya PICS, ambayo huku kwetu utasikia pia ikiitwa mifuko ya kinga njaa. Ni mifuko mitatu kwa mmoja: miwili ya plastiki nzito ndani na wa nje ni gunia la kawaida la kusuka.

Hiyo haina pampu. Unajaza nafaka kavu, unashindilia, unakamua hewa kwa mikono, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo ndio wanaomalizia kazi: wanapumua oksijeni iliyobaki mpaka inawaishia, wanaacha kula, wanakufa. Hata dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akagundulika kwetu Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kugeuza mahindi ya watu kuwa unga ghalani, hapo anakwama. Tena bila dawa. Kanuni ni ile ile ya kidude cha Kariakoo, ukubwa tu ndio tofauti.

FURUSHI LA MVUA

Haya, sasa ile kazi ambayo muuzaji haitaji. Kalenda yetu inajulikana: vuli Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei. Anayeishi bondeni hana haja ya kuambiwa. Desemba 2011 mvua iliipiga Dar es Salaam, Bonde la Msimbazi likageuka ziwa, watu wakapanda juu ya mapaa pale Jangwani, makumi wakafariki. Baadaye waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande. Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi ya Jumapili, tope la Mlima Hanang likaingia mjini Katesh. Na Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kule Dodoma kuwa mvua na mafuriko vimeua watu 155. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikaja kupiga hodi Mafia.

Mwaka 2011 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini kuna dada mmoja wa mtaani kwetu simsahau. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, vyeti vyake vimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, vimefungwa na kitambaa cha kushonwa maua. Maji hayajui maua. Alipolifungua sanduku, karatasi zilikuwa zimeshikana kama maandazi mabichi, picha za marehemu baba yake zimekuwa rangi tupu. Wiki chache baadaye kampuni moja ikamwita kwenye usaili, wakataka orijino. Hana. Akaanza ripoti ya polisi, barua ya serikali ya mtaa, nauli za kwenda na kurudi. Alipokuja kuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu, nafasi ilishachukuliwa na mwenzake. Mama yake alikuwa akisema godoro limekauka, sufuria zimeoshwa, ila cheti hakianikwi juani.

Kwa hiyo ukinunua kidude hiki, chakula cha kwanza kukilisha ni vyeti vyako. Fanya hivi.

Pakiti ya kwanza ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto, cheti cha ndoa, kadi ya bima, hati au mkataba wa nyumba, na picha mbili tatu za familia ambazo hazina nakala. Zianike kwanza kivulini zikauke kabisa. Weka katikati ya makaratasi mawili magumu, yale ya boksi yanatosha, zisije zikakunjamana hewa ikitoka. Tupia humo vile vipakiti vidogo vinavyokaa kwenye boksi la viatu, vilivyoandikwa usile, kazi yake ni kunyonya unyevu. Andika na namba za simu za ndugu kwenye karatasi, maana simu ikizima unakuta hata namba ya mama mzazi huikumbuki. Halafu piga picha kila cheti, utume kwa mtu unayemwamini aliye mkoa mwingine.

Pakiti ya pili ni nguo: nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtu, sweta la mtoto, khanga mbili, taulo, pedi za akina dada. Hapa ndipo utakapofurahi, kwa sababu rundo lililojaza begi zima linakuwa bapa la kuweka chini ya mkono. Khanga kavu baada ya saa tatu za mvua ni kitu cha thamani, waulize waliolala shuleni kwenye madawati.

Pakiti ya tatu ni dawa. Pakiti za ORS (moja kwa lita moja ya maji safi), vidonge vya kusafishia maji, bandeji, plasta, glovu, dawa ya kutuliza maumivu. Anayetumia dawa za presha au kisukari azungumze na daktari wake apate akiba ya siku chache. Vidonge vibaki kwenye chupa au pakiti yake, vikibanwa vitupu vinasagika na hutajua tena kipi ni kipi. Insulini haimo, hiyo ni ya ubaridi. Vidonge vya maji na ORS usividharau, mafuriko yakipungua kipindupindu huwa kiko nyuma yake.

Pakiti ya nne ni mwanga na vikorokoro: tochi, betri zikiwa nje ya tochi, kiberiti, mshumaa, filimbi, kamba nyembamba, noti ndogo ndogo. Filimbi si mchezo wa watoto. Mtu aliye juu ya paa usiku sauti yake inakauka, lakini pumzi ya kupuliza haimwishi.

Pakiti ya tano ni cha kutafuna: karanga zilizokaangwa, biskuti, tende. Vitu visivyotaka moto wala maji. Vibadilishe kila baada ya miezi sita, vya zamani mle kabla havijaharibika. Maji ya kunywa weka pembeni kwenye chupa au dumu dogo, kipimo cha kawaida ni kama lita nne kwa mtu kwa siku, kunywa na kunawa.

Zote tano zinaingia kwenye begi moja la mgongoni, na begi linaning’inia mahali pa juu karibu na mlango. Si chini ya kitanda tena jamani! Mkasi mdogo ukae mfuko wa nje, hii mifuko haichaniki kwa meno. Na kama nyumba yako ina panya, na uswahilini nani hana, tia zile pakiti ndani ya ndoo yenye mfuniko mpaka mvua zikaribie. Panya hajali kama ulitoa hewa au hukutoa, yeye anasikia tu harufu ya karanga.

Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, shusha begi, hakikisha pakiti hazijalegea, waambie watoto liko wapi. Maji yakija kwa kasi na begi liko mbali, achana nalo. Cheti kinatafutwa, mtoto hatafutwi dukani. Namba za kushika kichwani ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

HELA HUNA? SOMA HAPA

Najua swali linalofuata: “Mwandishi, wewe unaongea tu, mshiko wa kidude uko wapi?” Usijali. Nunua mfuko mzito wenye zipu, hata mmoja. Tia kitu chako, bana zipu ubakize upana wa kidole. Chukua ndoo ya maji, uzamishe mfuko taratibu ukitangulia upande wa chini, mdomo ukibaki juu ya maji. Maji yatasukuma hewa itoke, plastiki itajibana yenyewe. Maji yakikaribia zipu, malizia kubana. Ufute, umekwisha. Haifikii pampu, lakini imekosa kidogo tu. Kwa vyeti fanya pole pole, au bora uzoee kwanza na karanga, maana tone moja likiingia kwa vyeti ni hasara ile ile tunayoikimbia.

Kuna wanaonyonya hewa kwa mrija na mdomo. Kwa sweta sina ugomvi. Kwa chakula acha, unaingiza mate yako na unyevu humo ndani. Na anayenyonya mfuko wenye kuku mbichi, huyo anamnyonya kuku na vijidudu vyake.

Mwingine ataniuliza habari ya serikali na plastiki. Ni kweli, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017. Katazo lile lililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Huu ni wa kuhifadhia. Ila usije ukaenda nao sokoni kubebea nyanya, ukikamatwa ukasema nimekuruhusu mimi. Uoshe, uukaushe, uutumie tena na tena, isipokuwa uliowekewa nyama au samaki mbichi, huo ukitoka hapo safari yake imeisha. Na usiwaachie watoto wadogo wachezee, mfuko unaonyonya hewa haufai kuwa karibu na pua ya mtoto.

Basi, dada yangu uliyeniuliza kwenye daladala la Mbagala, kama umenunua, hongera, hujaibiwa. Samaki wako mrudishe kwenye friji leo leo, usingoje kesho. Halafu kamtafute huyo cheti chako alipojificha umpe nafasi yake mfukoni.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutazungumzia majiko ya mkaa na yale ya gesi, na kwa nini kulala nayo chumba kimoja ni kuliita jeneza. Mpaka hapo, mkae salama, na kwa wale wa bondeni, macho yawe mawinguni. Wasalaam.